Nikianza kueleza chumba, wachezaji wangu wanashika simu. Tatizo ni nini?

#1 Msimulizi_wa_Ijumaa

Wakuu, habari za jioni.

Niko Minneapolis, na huu ni mwaka wa tatu naendesha mchezo wa kuigiza mezani kila Ijumaa usiku: msimulizi naeleza mahali, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Wachezaji ni sita: Wakenya watatu, Watanzania wawili na Mrundi mmoja. Sheria ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, ila maneno yote ni ya Kiswahili. Dadu zipo, ramani ipo, pilau ipo.

Mapigano yakianza, watu wanasimama. Wakibishana bei na mwenye duka wanacheka mpaka machozi. Lakini nikisema tu "mnaingia kwenye chumba kikubwa chenye..." vichwa vinainama. Simu. Wiki iliyopita niliandaa ukumbi wa mfalme aliyekufa. Nilikesha siku mbili nikaandika ukurasa mzima: nguzo, mapazia, kiti cha enzi, mifupa. Nikausoma kama dakika mbili. Nilipomaliza, mmoja akauliza, "Kwa hiyo tuko wapi?"

Iliniuma kweli. Mnaosimulia wenzangu, mnaelezaje mahali mpaka watu wakapaona?

#2 BintiKizingo

Pole kaka. Ukurasa mzima ni hotuba, si chumba.

Meza yangu iko Mombasa, wapwa zangu na marafiki zao. Natumia sentensi tatu, na ile ya mwisho lazima iwe na kitu kinachosogea. Halafu nanyamaza. Nikishanyamaza ndipo wao wanaanza.

#3 Dadu_Ishirini

Mimi siafiki habari ya urefu. Vile vitabu vya visa vya kununua vina maelezo marefu ndani ya kisanduku, yameandikwa yasomwe kwa sauti. Gygax alitunga mchezo huu peke yake mwaka 1974 na ndivyo alivyoutaka. Tatizo ni sauti. Wengi wetu tukishika karatasi tunasoma kama matangazo ya vifo redioni. Mleta mada, jirekodi ukisoma, usikilize kesho yake.

#4 MzeeWaRamani

Dadu_Ishirini, kuna mawili hapo ya kurekebisha.

Hakuwa peke yake. Majina kwenye sanduku la 1974 ni mawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa Lake Geneva kule Wisconsin, na Arneson alikuwa mtu wa hapo hapo anapokaa mleta mada, Minneapolis na Saint Paul. Alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor kabla kitabu chochote hakijachapwa. Msimulizi_wa_Ijumaa, umekaa kwenye chimbuko lenyewe la mchezo.

La pili, vile visanduku vya kusomwa havikuwepo mwanzoni. Vilienea baadaye, visa vilivyochapwa vilipoanza kuuzwa. Kwenye vitabu vya 1974 msimulizi anaitwa mwamuzi tu. Mle ndani mna mfano wa mchezo, mwamuzi anajibizana na msemaji wa kundi, na maelezo yake yamejaa futi na dira: ngazi zinashuka mashariki, njia inaendelea, inapinda. Kwa nini? Kwa sababu pale mezani palikuwa na mtu ameshika penseli anachora ramani. Maelezo yalikuwa ya fundi kwa fundi.

Nikimsoma mleta mada naona anafanya kazi mbili kwa pumzi moja. Anataka watu waujue ukumbi kama mchora ramani, na hapo hapo wauogope. Ukichanganya, hawapati hata moja.

#5 Dadu_Ishirini

Nimepokea la Arneson, asante mzee. La sauti nabaki nalo.

#6 Kusi_na_Kaskazi

Nawasalimu kutoka Muscat.

Msikilizeni mtangazaji wa mpira redioni. Hana picha, ana mdomo tu, na mtu aliyeko shambani analiona goli. Anafanyaje? Haelezi majani wala jukwaa. Anaufuata mpira. "Upande wa kushoto, karibu na kibendera cha kona, anamtazama mwenzake..." Uwanja unauona kwa sababu mpira umepita pale.

Kwenye ukumbi wa mfalme, mpira ulikuwa nani? Naona mleta mada alieleza uwanja dakika mbili bila mpira.

#7 Pangoni

Kusi, mfano mtamu lakini una tundu. Msikilizaji wa redio anaujua uwanja tangu utotoni. Kila uwanja una magoli mawili na kona nne. Ukumbi wa mfalme aliyekufa hakuna aliyewahi kuingia. Usipomweleza, ataujenga wa kwake kichwani, na watu sita watajenga kumbi sita. Halafu mmoja anasema "najificha nyuma ya nguzo", mwenzake anauliza "nguzo ipi?"

Swali kwa mleta mada: walikuwa na mwanga gani?

#8 Msimulizi_wa_Ijumaa

Mwenge mmoja. Kwa nini?

#9 Pangoni

Kwa sheria za toleo lako mwenge unaangaza vizuri futi 20, na futi 20 nyingine ni mwanga hafifu. Ukumbi wako una urefu gani?

#10 Msimulizi_wa_Ijumaa

Futi 90. Nimeelewa unakokwenda.

#11 Pangoni

Basi wakiwa mlangoni hawawezi kuiona mifupa. Uliwapa bure kitu ambacho wangekitafuta kwa miguu yao. Mimi natembea na mwenge. Hatua nne, nguzo. Hatua nne nyingine, kitu cheupe sakafuni. Dakika mbili zako zingekuwa zile zile, ila zingekatwakatwa na katikati kuna mtu anasema "ngoja, nyanyua mwenge juu".

#12 Mwalimu_wa_Tabora

Mleta mada, naomba uweke hapa mistari miwili ya ule ukurasa kama ulivyousoma.

#13 Msimulizi_wa_Ijumaa

Huu hapa mwanzo wake:

"Ninyi mkaingia katika ukumbi mkubwa wenye nguzo za marijani. Mapazia ya hariri iliyochakaa yalikuwa yakining'inia kutoka darini, na mwanga wa kandili moja ulikuwa ukiangaza kiti cha enzi ambacho juu yake kulikuwa na mifupa ya mfalme."

#14 Mwalimu_wa_Tabora

Asante. Nafundisha Kiswahili miaka 19, kwa hiyo mniruhusu.

Neno la kwanza linalowatoa mchezoni ni "mkaingia". Hiyo -ka- ni ya hadithi. Mtu akisikia wakaingia, wakaona, wakakuta, anajua kwamba mwenye kusimulia anaujua mwisho. Mwili wake unalegea, anakaa mkao wa kusikiliza. Umemwambia kwa sarufi kwamba hana la kufanya. Sema "mnaingia". Au usiwaingize kabisa: "Mlango uko wazi. Mle ndani mna baridi." Wacha waingie wenyewe.

La pili, lugha yetu ina mahali pa namna tatu, na sioni msimulizi anayezitumia zote. Ukisema "hapa pananuka damu", mtu anatazama chini ya miguu yake. Ukisema "huku kunanuka damu", anageukageuka. Ukisema "humu mnanuka damu", anaangalia mlango alioingilia, kwa sababu sasa amejua yuko ndani ya kitu. Umebadilisha silabi, na chumba kizima kimebadilika.

Na zile tanakali! Giza totoro. Kimya jii. Jiwe limedondoka na mmesikia chubwi, kisima hakihitaji kuelezwa tena. Bibi zetu hawakuwa na ukurasa wa maelezo.

#15 Dadu_Ishirini

Mwalimu umenena, ila jibu na hili. Mleta mada kasema wakibishana na mwenye duka wanacheka. Sarufi ni ile ile ya mtu yule yule. Mbona pale inafanya kazi?

#16 Mwalimu_wa_Tabora

Pale hasomi. Anaongea.

#17 BintiKizingo

Mwalimu amenikumbusha jambo.

Mwaka jana niliwapeleka wapwa zangu Gedi, magofu yale yale ya karibu na Watamu, ila nikayafanya ya usiku. Wengi wao walishafika na shule, wanajua kuta za matumbawe, miti iliyoota juu ya kuta, visima. Sikueleza chochote wanachokijua. Walipofika kisimani nikasema, "Chini kule kuna kitu kinapumua."

Mdogo wao wa miaka 12 akaniuliza, "Shangazi, kinapumua au anapumua?"

Nikarudia polepole: kinapumua.

Akapandisha miguu juu ya kiti. Wallahi aliipandisha yote miwili, na hakuishusha mpaka tumemaliza. Mtu anapumua, mnyama anapumua, hata jini anapumua. Kitu kinachopumua ni nini? Sikuwa na jibu mimi mwenyewe wakati ule, nilikuja kulitunga nikiosha vyombo.

Baada ya hapo nikawapeleka kwenye lile bwawa la sultani la pembe nane, nalo likawatisha vile vile.

#18 MzeeWaRamani

Binti, hicho kisa cha kisima nakihifadhi. Ila bwawa la pembe nane halipo Gedi. Liko Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14. Gedi ina jumba lake na msikiti wake mkuu, bwawa hilo haina.

#19 BintiKizingo

Najua liko Kilwa, mzee wangu, nimeliona kwa macho yangu. Kwenye mchezo wangu nililihamisha. Wanangu walilihitaji pale.

#20 Kusi_na_Kaskazi

Kuongezea la Mwalimu: na "yeye" yetu pia ni hazina. Nimecheza na Waingereza hapa Muscat. Msimulizi wao akimtaja tu aliyejifunika uso, keshatoboa kama ni mume au mke. Sisi tulikaa na mpelelezi wa ushungi vikao vinne, anakula nasi, anasema nasi, hakuna aliyejua. Siku alipofunua uso watu walipiga meza.

#21 SikioLangu

Habari zenu. Nimesoma uzi wote kwa kisomaji sauti, niko Arusha. Mimi sioni tangu nina miaka tisa, na mchezo huu ndio pekee ninaocheza sawa na wenzangu, kwa sababu pale mezani hakuna anayeona. Wote tunategemea mdomo wa mtu mmoja. Kwa hiyo suala hili kwangu ni kubwa.

Sentensi tatu za Binti hazinitoshi. Wenye macho wana ramani mezani, wanajazia. Mimi nataka mpangilio, na uwe ule ule kila siku. Msimulizi wetu ananianzishia na sakafu (mchanga? mawe? inateleza?), kisha sauti inarudi au hairudi, kisha upepo unatoka wapi, mwisho ndiyo vitu. Nikishajua sauti hairudi, najua huenda chumba kina mapazia. Namuuliza, "Nikipiga kofi?" Ananijibu. Nilishawahi kuwaokoa wenzangu kwa kofi, nyuma ya ukuta palikuwa patupu.

Ombi moja kwa wasimulizi wote: msielekeze kwa saa. Siku moja msimulizi mgeni alisema "joka liko saa tatu yako". Aliyezoea kuhesabu Kizungu akageukia kulia. Mimi mshale wa saa tatu yangu uko kwenye tisa, nikageukia kushoto. Mhusika wangu alichomwa mgongo. Semeni mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mbele, mgongoni.

#22 Pangoni

SikioLangu, asante sana. Hilo la saa sikuwahi kuliwaza, na nimelitumia miaka yote.

#23 Kusi_na_Kaskazi

Na kibla! Sisi tuliokulia Unguja kibla ni kaskazini, ndivyo tunavyoelekezana hata njiani. Huku Muscat kibla ni magharibi. Nimesema "mlango upande wa kibla" mezani kwangu, wazee wakaenda huku, vijana waliozaliwa hapa wakaenda kule. Kikao kiliishia kwenye mjadala wa dira.

#24 Dadu_Ishirini

Mbona hakuna anayetaja picha? Chapisha picha, weka mezani, maelezo yamekwisha. Kile kisa cha Tomb of Horrors cha 1978 kilikuja na kijitabu kizima cha picha za kuwaonyesha wachezaji, na hao ndio mabingwa wenyewe.

#25 MzeeWaRamani

Hilo ni kweli, kijitabu kilikuwemo, na kilikuwa na sababu. Kile kisa ni cha mitego, na kilianza kama shindano. Kila meza ilipaswa kuona kitu kimoja, maana mstari mmoja kwenye picha ungeweza kumuua mtu. Picha pale ilikuwa ushahidi. Ukumbi wa mleta mada ni wa huzuni.

#26 BintiKizingo

Mimi picha zilinitoa jasho. Nilichapisha mlango wa nakshi, printa ikaacha doa la wino kwenye kona. Robo saa nzima wapwa zangu wanalichunguza lile doa. Mmoja alilimwagia mafuta. Nilivyoona wamelipenda nikalifanya tundu la ufunguo.

#27 Pangoni

Kuna njia ambayo bado haijatajwa: usieleze, uliza. Apocalypse World ya Vincent Baker, 2010, imejengwa hivyo, msimulizi anawauliza wachezaji na kuyatumia majibu yao. Nimeihamishia kwenye meza yangu ya Nairobi. "Wewe ulishawahi kuuona ukumbi huu ukiwa mtoto. Ulikuwa unanukia nini?" Mchezaji akajibu, "Karafuu." Kuanzia siku hiyo kila tukinusa karafuu tunajua mfalme yuko karibu. Hakuna ukurasa wangu ungefika pale.

#28 SikioLangu

Hapo tutapishana, ndugu yangu. Mimi nikija kuchunguza mahali nataka pawepo kabla sijafika. Ukiniuliza panukie nini, nimejua kwamba hapakuwepo. Ni kama kupewa fimbo halafu niulizwe ukuta uko wapi.

#29 Pangoni

Nakuelewa. Labda ndiyo maana meza hazifanani.

#30 Mwalimu_wa_Tabora

Na msisahau Paukwa! Pakawa! Bibi hakuanza mpaka umemjibu. Ukinyamaza, anarudia. Yule anayesema "hadithi njoo" ameshakubali kuingia. Msimulizi_wa_Ijumaa, wewe uliwabishia hodi kwa kitu gani?

#31 Dadu_Ishirini

Mwalimu, lakini hadithi ya bibi ina mwisho wake. Mjukuu hawezi kusema "nachukua mwenge, namfuata sungura". Juzi umetuambia -ka- inawalegeza, leo unatupeleka kwa bibi mwenye -ka- tele.

#32 Mwalimu_wa_Tabora

Umenishika. Nitakujibu nikitafakari.

#33 Msimulizi_wa_Ijumaa

Wakuu, nimerudi. Jana usiku tumeurudia ukumbi.

Nimeacha karatasi jikoni. Nimewasimamisha mlangoni na mwenge wao wa futi 20. Nimesema, "Mle ndani mna baridi. Kimya jii. Mbele, mwisho wa mwanga, kuna kitu kimekaa." Nikafunga mdomo. Ilikuwa vigumu kuliko kuandika ule ukurasa, mikono ilikuwa inanitoka jasho. Dada mmoja wa Kisumu akanong'ona, na alinong'ona kweli, "Kimekaa au amekaa?" BintiKizingo, nilikuwaza.

Watano waliweka simu chini. Mmoja alibaki nayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ni yule yule aliyeniuliza "tuko wapi". Kwa huyo sijui nifanye nini.

#34 Dadu_Ishirini

Hukusoma, uliongea. Nilisema ni sauti.

#35 Kusi_na_Kaskazi

Kile kilichokaa ndio mpira. Nilisema.

#36 Pangoni

Mwenge.

#37 Buja_Mezani

Jambo wote. Nimefungua akaunti leo. Mimi ndiye Mrundi wa meza hiyo, na ni mimi niliuliza tuko wapi.

Kaka, simu yangu ilikuwa kwenye kamusi. Kiswahili changu nimekitoa sokoni na kwa marafiki wa Buyenzi, kule Bujumbura. Cha biashara na cha mpira nakijua vizuri sana. Lakini "marijani" nilifikiri ni jina la mtu, mwenye zile nguzo. Nikaitafuta. Nilipoipata, wewe ulikuwa umefika kwenye "kandili". Nikaitafuta na hiyo. Nilipoinua kichwa mfalme alikuwa amekwisha kufa na wote wananiangalia. Jana pia nilikuwa na kamusi mkononi, nikingoja neno gumu. Halikuja, lakini sikujua kama halitakuja.

Napenda mchezo wetu kuliko kitu chote cha wiki yangu.

#38 Msimulizi_wa_Ijumaa

Ndugu yangu. Mbona hukuniambia?

#39 Buja_Mezani

Ulikuwa unasoma vizuri. Sikutaka kukukata.

#40 MzeeWaRamani

Kijana, karibu jukwaani. Kandili ni taa.

#41 Kusi_na_Kaskazi

Taa ya kuning'inia, mzee. Sisi ya kushika mkononi tunaiita fanusi.

#42 Dadu_Ishirini

Kwetu ni koroboi.

#43 BintiKizingo

Koroboi haina kioo. Kandili ina kioo.

#44 Msimulizi_wa_Ijumaa

Ndugu wa Buja, ni taa tu. Taa ya mafuta, imetundikwa juu ya kiti cha mfalme.

#45 Buja_Mezani

Inatoa moshi?

#46 Msimulizi_wa_Ijumaa

Inatoa. Na moshi wake hauendi juu. Unavutwa nyuma ya kiti.

#47 Buja_Mezani

Basi nyuma ya kiti kuna upenyo. Au kuna mtu anavuta pumzi.

#48 Msimulizi_wa_Ijumaa

Ijumaa saa moja, usichelewe.